Hoteli ya mkutano Kampala: anza na ukumbi, vyumba baadaye

Juzi nilimsaidia dada mmoja wa ushirika wa wafanyabiashara wa mpakani, kutoka Busia, kutafuta hoteli ya mkutano wa siku mbili. Watu sitini: wa Busia, wa Mutukula, wa Mpondwe, na wageni kutoka Bukoba, Tanzania, na Beni, Kongo. Wengi wao lugha yao ya kazi ni Kiswahili, na maofisa waalikwa wangezungumza Kiingereza. Tulizunguka jiji siku nzima, na maswali aliyoniuliza njiani ndiyo yamenifanya niandike haya.

Hatua ya 1: Tarehe

Epuka wiki ya Juni 3. Mahujaji wa Namugongo huja kutoka Uganda yote, Kenya na Tanzania, vyumba hujaa na barabara ya upande ule haipitiki. Uliza pia kama kuna mkutano wa wakuu wa nchi. Januari 2024, mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote ulipofanyika Munyonyo, mwenye shughuli upande huo alilazimika kupanga siku yake kwa kufuata misafara ya viongozi.

Hatua ya 2: Eneo

Uliza wageni wako wanaingiaje. Wakija kwa ndege, Entebbe iko kilomita 40 hivi kutoka jijini, na barabara ya kulipia ina tawi la Munyonyo, kwa hiyo hoteli za kando ya ziwa zinafaa sana: mgeni anafika bila kugusa foleni ya katikati ya mji. Wakija kwa basi, kama wetu, usiwapeleke Munyonyo. Watashuka katikati ya Kampala wamechoka, kisha uanze kuwatafutia usafiri mwingine. Mimi kwa watu wa basi hutafuta mitaa iliyo karibu na katikati ya mji: Nakasero, Kololo au Nsambya. Ukiwa na Waislamu wengi na mkutano una Ijumaa, pima pia umbali hadi msikiti wa Old Kampala, na uache nafasi ya muda wa saa mbili nzima kwenye ratiba kwa ajili ya swala.

Hatua ya 3: Ukumbi

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo nilipowahi kuwaangusha watu walioniamini.

Nilikodi ukumbi kwa kuangalia picha. Zulia zuri, viti vizuri, bei nzuri. Saa nane mchana, upande wa pili wa ukuta, ikaanza sherehe ya kampuni fulani, spika kubwa na mshereheshaji. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kukunja. Wakalimani wakavua visikizi kwa sababu hawakumsikia tena msemaji. Tukahamia mgahawani, kisha bustanini, mvua ikaturudisha ndani. Saa tatu zikapotea. Wazee waliosafiri usiku kucha kuja kueleza jinsi wanavyotozwa mpakani waliondoka hoja yao haijasikika. Jambo hilo bado linaniuma.

Tangu siku ile silipi hata shilingi kabla sijakaa ndani ya ukumbi, siku ileile ya juma na saa ileile ya mkutano. Ukumbi ulio kimya Jumatatu asubuhi waweza kuwa soko Ijumaa jioni, wakati watu wa harusi wanapofunga mapambo.

Gonga kuta zote. Ukikuta wa kukunja, tazama juu: je, ukuta unafika kwenye zege, au unaishia kwenye mbao za dari? Ukiishia darini, sauti hupita juu yake hata kama milango yake imebanwa vizuri. Mwombe mwenzako asimame upande wa pili na kipaza sauti azungumze kawaida. Ukimsikia neno kwa neno, aga uondoke, hata wakikupunguzia bei. Kama huna njia nyingine, kodi pande zote mbili, au mkataba utamke kwamba upande wa pili hautatumika saa zako. Ahadi ya mdomo ya meneja haitoshi, kwa sababu siku yenyewe anaweza kuwa zamu nyingine.

Usiamini idadi ya watu inayotajwa. "Watu 120" huwa ni viti vitupu vilivyopangwa safu. Ukiweka meza za kuandikia, hesabu nusu yake. Tafuta nguzo: mtu aliyekaa nyuma ya nguzo hajahudhuria. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na joto lake si kali, hivyo napenda zaidi madirisha yanayofunguka kuliko kiyoyozi kinachonguruma.

Kwa mikutano ya lugha mbili, pima nafasi ya kibanda cha wakalimani. Wakalimani hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila nusu saa hivi, na lazima wauone uso wa msemaji. Wakodishaji wengine watakupa kisanduku cha kuweka mezani tu, kwa bei rahisi. Mimi sikitaki kabisa. Mkalimani anasikia chumba kizima, na chumba kizima kinamsikia yeye.

Hatua ya 4: Umeme

Waombe wazime umeme wa gridi mbele yako, uhesabu sekunde mpaka jenereta iwake. Wageni wa Kongo huja na plagi za pini mbili za mviringo, za hapa ni pini tatu bapa. Nunua adapta kumi mapema.

Hatua ya 5: Bei

Uliza bei ya mtu mmoja kwa siku: ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana, maji. Kisha uliza kama VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 imo ndani. Kwa watu sitini siku mbili, jibu la swali hilo laweza kuvuruga bajeti yote. Wakitaja dola, omba ankara ya shilingi. Omba pia risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda, vinginevyo mhasibu wako atahangaika nayo. Idadi ya mwisho ya walaji ithibitishwe siku mbili kabla, kwa maandishi.

Hatua ya 6: Jioni ya kuamkia mkutano

Fika mwenyewe saa kumi na mbili. Hesabu viti, jaribu kila kipaza sauti, na ubandike kibao cha Kiswahili mlangoni, kisomeke tangu mapokezi. Dada wa Busia alifanya hivyo, akakuta vipaza sauti viwili betri zimekwisha, na vikabadilishwa usiku uleule.