Shairi la mwenye wivu: tafuta kwanza anayesikiliza

Shairi la msemaji mmoja mwanzo mwisho lina mtego wake: kwa kuwa sauti ni moja, tunaishia kuiamini. Kabla hujaingia ndani, jiulize huyu anamwambia nani, na anataka nini kwake.

Chukua "My Last Duchess" la mshairi Mwingereza Robert Browning, lililotoka 1842. Mtawala wa Ferrara, Italia, anamwonyesha mgeni picha ya marehemu mkewe, iliyo nyuma ya pazia ambalo halifunuliwi na mtu mwingine ila yeye. Mgeni mwenyewe ni mjumbe wa baba wa mchumba mpya! Yaani bwana anaposa huku akisimulia yaliyompata mke aliyetangulia. Rudia kusoma ukijua hilo, utasikia vitisho kwenye adabu zake zote.

Halafu shika penseli, upige mstari chini ya mashtaka. Mke alikosa nini? Alifurahia machweo, tawi la cheri aliloletewa, nyumbu mweupe aliyempanda. Alimtabasamia kila mtu. Basi, ni hayo tu. Mume akaona jina lake la miaka 900 limewekwa kapu moja na matunda, akatoa amri, tabasamu zikakoma. Amri gani, hasemi, nawe usiharakishe kumsemea.

Kwa wanaoanza, "Porphyria's Lover" la Browning huyohuyo, la 1836, ni rahisi zaidi, maana muuaji anakiri: amemnyonga mpenzi wake, Porphyria, kwa nywele za mwanamke huyo mwenyewe, kisha anatuhakikishia kwamba marehemu hakusikia maumivu. Amejuaje?