Ofa ya kazi Dubai: itatosha familia? Namna ya kuipigia hesabu

Mfano tutakaoutumia ni fundi wa viyoyozi mwenye mke na mtoto mmoja wa shule. Ameahidiwa dirham 4,500 kwa mwezi. Gharama za maisha tulizoweka ni za kukadiria, kwa hiyo badilisha kwa bei za mtaa utakaokaa. Kanuni ndiyo ya kushika.

Hatua ya 1: Vunja jumla

Tafuta mchanganuo chini ya ile 4,500. Tuseme unasoma hivi: msingi 1,800, nyumba 1,500, usafiri 700, posho nyingine 500. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu haki nyingi za sheria ya kazi ya Imarati (Falme za Kiarabu, nchi ilimo Dubai) huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, si kwa jumla.

Anza na ova taimu. 1,800 gawanya kwa siku 30 ni 60 kwa siku, na 60 kwa saa 8 ni 7.50 kwa saa. Nyongeza ya kawaida ni asilimia 25, kwa hiyo saa ya ziada ni dirham 9.37 hivi. Ukifanya saa 2 kila siku kwa siku 26 unapata kama 487. Wakala anayekuahidi "ova taimu elfu mbili" anakutaka ufanye saa 213 za ziada kwa mwezi, yaani zaidi ya 8 kila siku ya kazi. Sheria inaruhusu 2 kwa siku.

Kiinua mgongo nacho ni hivyo hivyo: siku 21 za msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Usipotimiza mwaka mmoja hupati kitu. Kwa msingi wa 1,800, miaka 2 inakupa 2,520. Msingi ungekuwa 3,000 na jumla ikabaki ile ile 4,500, ungeondoka na 4,200. Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba msingi upandishwe na posho zipunguzwe. Mwajiri hukubali hilo kwa urahisi kuliko kuongeza jumla, maana matumizi yake ya mwezi hayabadiliki.

Hatua ya 2: Pitia kwenye dola

Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo 4,500 ni kama dola 1,225. Kodi ya mapato kwenye mshahara hakuna. Kinachoyumba ni shilingi ya nyumbani. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Dirham 1,000 iliyofika kama shilingi 43,600 ikawa 35,400, na karo haikushuka hata senti. Piga hesabu kwa kiwango cha chini kidogo kuliko cha leo, kisha toa ada ya kutuma.

Hatua ya 3: Familia inabaki au inakuja?

Ikibaki: kitanda kwenye chumba cha watu kadhaa 700, chakula 600, nauli 250, simu na intaneti 150, dharura 200. Jumla 1,900, inabaki 2,600. Zidisha kwa miezi 11, siyo 12, kwa sababu mshahara wa kwanza huingia baada ya kufanya kazi na mwezi huo unakula akiba yako. Deni la nauli ya ndege liandike kwenye mstari wake.

Ikija, mambo ni mengine. Kisheria, anayetaka kuleta mke na watoto anahitaji mshahara wa 4,000, au 3,000 na nyumba ya mwajiri. Fundi wetu anaruhusiwa, lakini kuruhusiwa si kumudu. Kodi ya nyumba Dubai hutajwa kwa mwaka na mara nyingi hulipwa kwa hundi chache. Chukua studio ya 36,000 kwa hundi 4: hundi ya kwanza 9,000, amana ya asilimia 5 ni 1,800, dalali asilimia 5 ni 1,800, amana kwa DEWA, shirika la maji na umeme la Dubai, 2,000. Hiyo ni 14,600 kabla hujanunua godoro. Halafu asilimia 5 ya kodi ya mwaka huingizwa kwenye bili ya DEWA, hapa 150 kila mwezi. Bima ya afya ya mke na mtoto ni juu yako wewe unayewadhamini. Watoto wengi wa wageni husoma shule binafsi, za kulipia.

Nyumba pekee, 3,000 ya kodi na 150 ya bili ya DEWA, inachukua 3,150 kati ya 4,500 kila mwezi. Kwa maoni yetu, ofa hii inalisha familia iliyobaki nyumbani. Haiwezi kuihamisha.

Hatua ya 4: Karatasi

Barua ya ofa ipitie wizara ya kazi ya Imarati (MOHRE), na mkataba ufanane nayo namba kwa namba, hasa mshahara wa msingi. Majaribio yasizidi miezi 6. Usiende kufanya kazi kwa visa ya matembezi. Ukiwa Kenya, hakiki leseni ya wakala kwa NEA (mamlaka ya taifa ya ajira); ukiwa Tanzania, kwa TaESA (wakala wa serikali wa huduma za ajira).

Maswali ya wanachama

*Nina ofa mbili: 1,500 na nyumba na chakula, au 2,500 bila chochote. Nichukue ipi?*
Kwa bei za Hatua ya 3, 2,500 ukitoa kitanda, chakula na nauli inabaki 950. Ya 1,500 iko mbele, hata kama nauli ya kazini utajilipia. Uliza kwanza "chakula" ni cha kupikwa au ni posho, na kama tayari kimehesabiwa ndani ya ile 1,500.

*Mume wangu kapewa rial 180 Oman. Si ndogo sana?*
Dada, usilinganishe namba tupu. Rial moja ni karibu dola 2.60, kwa hiyo 180 ni dola 468, sawa na dirham 1,720 hivi. Bila nyumba ya mwajiri ni ngumu. Muscat atasikia Kiswahili sokoni, ila mwenye nyumba hampunguzii kwa hilo.

*Hesabu hizi zinafaa kazi za ndani?*
Ile ya ova taimu, hapana. Wafanyakazi wa nyumbani Imarati wana sheria yao ya 2022: siku moja ya mapumziko kwa wiki, na saa 12 za kupumzika kwa siku, 8 kati yake mfululizo. Hatua ya 2 tumia kama ilivyo.

*Wakala anasema gharama ya visa itakatwa kwenye mshahara, 500 kila mwezi kwa miezi 6.*
Sheria ya Imarati inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Na hesabu yako ikoje? Kwenye ile 2,600 ya kutuma nyumbani inabaki 2,100, nusu mwaka mzima. Mwombe aiandike kwenye barua ya ofa, uone kama ataiandika.