Uzi wa laka: jaribu ufyonzaji kabla ya kuchonga

Kwenye mashine kongwe za kuchonga santuri, kama Neumann au Scully, kazi nyingi huharibiwa na ule uzi mwembamba wa laka (tabaka laini linalopakwa kwenye sahani ya kuchongwa) unaotoka sindano inapochonga mfereji wa sauti. Usipofyonzwa mara moja, hujiviringisha kwenye sindano na kuinua kichwa kinachoishika, na mfereji unakuwa na kina kisicho sawa.

Mdomo wa bomba la kufyonza ukae karibu kabisa na sindano, kwa nyuma, bila kugusa laka. Sahani ya inchi 14 inayoandaliwa kwa santuri ya inchi 12 ina ukingo wa ziada. Chonga hapo mizunguko michache bila sauti. Ongeza joto la sindano kidogo kidogo hadi mchakacho (kelele ya mfereji) upungue, kisha ishia hapo: joto likizidi, laka huyeyuka na uzi hunata. Pima upana kwa hadubini. Mfereji una pembe ya nyuzi 90, hivyo kina ni nusu ya upana: upana wa mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) una kina cha mikroni 25.

Chupa inayokusanya uzi uliofyonzwa imwage kila siku, tafadhali. Uzi huo ni nitroselulosi, hushika moto kwa cheche moja.