Kabla ya Kupanda Boti na Kifundo cha Mkono Kilichovimba

Binamu yangu aliteleza gatini wakati maji yametoka na ngazi zimejaa mwani. Akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kilivimba, lakini hakikuonekana kupinda, na mama mmoja wa mtaani akamtuliza: "Mwanangu, ni mshipa tu umeshtuka." Akakandwa kwa mafuta ya nazi wiki tatu. Kufikia hapo hakuweza kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe, kwa sababu kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vimekufa ganzi.

Kwa hiyo la kwanza, kabla ya lolote: usikandwe, wala asikuvute mtu mkono ili "uingie". Kifundo kina vijifupa vinane. Kimoja huitwa skafoidi, neno lenye asili ya Kigiriki, kwa kuwa kina umbo la mashua. Jirani yake ni lunati, chenye umbo la mwezi mwandamo. Mtu akiangukia kiganja kwa kishindo, kano zinazoishika lunati zaweza kukatika. Vijifupa vinavyoizunguka huhama, au lunati yenyewe husukumwa upande wa kiganja na kuubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Ganzi ya binamu yangu ilitokana na mbano huo, na kila alipokandwa mfupa ulizidi kukandamizwa palepale.

Vua pete, saa na bangili mara moja, maana baada ya saa moja huenda zisitoke. Lazimisha mkono utulie: kunja kipande cha boksi gumu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, ukifunge kwa kitambaa bila kukaza, kisha uning'inize mkono kwa leso shingoni, juu ya usawa wa moyo ukiweza. Barafu ifungwe kwenye kitambaa. Halafu gusa ncha za vidole vyote vya mkono ulioumia, ulinganishe na vya mkono mzima. Ukihisi ganzi, au vidole vikiwa baridi na kubadilika rangi, usisubiri boti ya asubuhi. Kodi boti uende hospitali sasa hivi, hata kama unatoka mbali, Faza au Kizingitini kisiwani Pate, Lamu, na gharama inauma. Jeraha likichanika hadi mfupa kuonekana, ni hivyo hivyo.

Piga simu kwanza uulize kama mashine ya eksirei inafanya kazi na kama daktari wa mifupa yupo. Usile njiani. Mfupa hurudishwa kwa dawa ya ganzi au nusukaputi, na kwa kawaida tumbo linatakiwa liwe limekaa saa sita bila chakula. Maji matupu huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Chukua kitambulisho, hakikisha usajili wako wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya, na uandike dawa unazotumia.

Sasa jambo ninalokuomba usilisahau. Kituo cha kwanza alichofika binamu yangu kilipiga picha moja tu, ya mbele, na kumwambia hakuna kilichovunjika. Hilo hutokea: takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye tatizo hili hukosa kutambuliwa mara ya kwanza. Uliza kwa adabu, "Daktari, ya ubavuni imepigwa?" Kwenye picha ya ubavuni, lunati huonekana kama kikombe kilichoshika mfupa wa juu yake. Ikiwa imetoka, ni kama kikombe cha kahawa kilichoinamishwa kikamwagika. Hata mimi nisiye daktari niliuona mmwagiko huo nilipoonyeshwa.

Jiandae pia kwa safari ya pili. Kurudisha mfupa hupunguza mbano, lakini kano zilizokatika kwa kawaida huhitaji upasuaji na vyuma vyembamba vinavyoshikilia vijifupa kwa wiki kama nane au zaidi. Kwa mvuvi au fundi wa mashua hiyo ni misimu ya mapato, basi zungumzeni nyumbani mapema nani atashika kazi. Ukichelewa wiki nyingi, kama binamu yangu, kazi ya daktari huwa ngumu zaidi na kifundo hubaki kigumu.

Ukirudi na plasta, acha namba ya nahodha karibu na kitanda. Maumivu yakizidi usiku badala ya kupungua, au vidole vikaanza kufa ganzi ndani ya plasta, mwamshe.