Swichi za kibodi: anza na uzito, rangi baadaye

Ukitaka kununua kibodi ya mekanika, yaani yenye swichi yake chini ya kila kibonye, usianze na rangi ya swichi. Anza na vidole vyako: huwa unabonyeza kwa nguvu kiasi gani? Cherry MX Red, swichi nyekundu ya kampuni ya Cherry, huitika kwa takriban gramu 45, ikiwa imeshuka milimita 2 tu kati ya 4, na inateleza mpaka chini bila kikwazo. Mwenye mkono mzito, au aliyezoea kupumzisha vidole juu ya vibonye, atajikuta anaandika herufi asizozikusudia. Huyo achukue Black: mwendo ni uleule, ila inataka karibu gramu 60. Brown ina kinundu kidogo njiani kinachokujulisha kuwa herufi inaingia, hivyo huhitaji kugonga mpaka chini. Kwa maandishi marefu, hiyo ndiyo ninayoipenda. Blue hulia kila unapobonyeza. Kama mko wawili chumbani, iache tafadhali.

Ila rangi hizo si sheria kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo soma aina na uzito vilivyoandikwa.

Ninalolisisitiza kuliko yote: tafuta kibodi ambayo swichi zake huchomolewa na kuchomekwa bila kulehemu. Hapo hata ukikosea kuchagua, unabadilisha swichi tu, kibodi inabaki. Angalia pini pia, yaani viguu vilivyo chini ya swichi. Swichi ya pini 5 haikai kwenye nafasi ya pini 3 mpaka ukate viguu vyake viwili vya plastiki, na kikata kucha kinatosha. Viguu vya chuma usiviguse.