Magitaa manne, wiki tatu kabla ya jukwaa

Nimepiga ridhimu, yaani gitaa linaloshikilia mdundo wa wimbo, zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwenye bendi za dansi hapa Dar es Salaam, na sasa kwenye kundi letu la magitaa makavu manne, yaani yasiyo ya umeme. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna harusi, na wiki inayofuata tunapiga kwenye ibada ya shukrani. Zimebaki wiki tatu. Vijana wetu wawili wapya wameniuliza mazoezi yanaanzia wapi, nikaona niwaandikie wao na wengine walio kwenye hali hiyo.

Kwanza mgawane nafasi. Magitaa manne yakishika kodi ileile ya C (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mahali pamoja, husikii manne, unasikia makelele tu. Kwetu, wimbo ukiwa kwenye C, mimi nashika C ya kawaida bila kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni ili sauti ipande. Wa pili anaweka kapo freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa) na kushika umbo la A, linalotoa C ileile. Tukienda F yeye anashika D, tukienda G anashika E. Wa tatu anaweka kapo freti ya tano, kwake C ni G, F ni C, na G ni D. Kodi ni moja, lakini sauti zimepandana kama kwaya. Wa nne anabaki na solo, gitaa linalopiga melodia. Sikilizeni rekodi za zamani za TP OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, mfuatilie lile gitaa ambalo Wakongo wanaliita mi-solo, linalokaa kati ya solo na ridhimu. Linaingia pale wenzake walipoacha nafasi. Kuacha nafasi kunataka moyo, hasa kwa kijana aliyejifunza jana kitu kitamu na anatamani kisikike.

Kutyuni, yaani kulinganisha nyuzi, msifanye kwa kubahatisha. Kila mtu atumie programu ya simu, noti ya A iwe mitetemo 440 kwa sekunde, kisha pigeni C moja pamoja na mwiache ilie mpaka izimike. Nyuzi mpya wekeni siku nne au tano kabla, si siku yenyewe. Mwaka mmoja nilibadilisha nyuzi saa sita mchana, jioni tukapiga chini ya turubai lenye joto, na wimbo wa tatu ulipofika uzi wangu wa pili ulikuwa umeshashuka. Wenzangu watatu walikuwa sawa kabisa, nami nikawaharibia. Bi harusi alikuwa anaingia wakati huo.

Sasa, kiini cha yote ni hiki: msifanye mazoezi ya nyimbo, fanyeni mazoezi ya viungio. Wimbo hauanguki katikati ya ubeti. Unaanguka pale ubeti unapokutana na kiitikio, pale kiitikio kinapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu ambapo magitaa yanatawala, na pale mnapotakiwa kumaliza. Wiki iliyopita mpiga solo wetu aliingia kwenye chemko mapema mno kila tulipojaribu. Tukachukua mipigo minane tu, minne ya mwisho ya kiitikio na minne ya mwanzo ya chemko, metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa mapigo 80 kwa dakika, tukairudia. Nikaacha kuangalia mkono wangu, nikaangalia wake. Kiitikio anakimalizia freti ya tatu, chemko analianzia ya kumi na mbili. Alikuwa anaogopa kuchelewa njiani, ndiyo maana anaondoka mapema. Tukampunguzia noti moja, ile ya mwisho ya kiitikio, ambayo hata hivyo gitaa la tatu linayo. Mkono ukapata muda wa kusafiri. Tukapanda 90, 100, mpaka 116 ambayo ndiyo kasi ya wimbo, na hakuingia mapema tena. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini. Tungeurudia wimbo mzima, tungemaliza jioni yote na kosa lingebaki palepale.

Umeme ukikatika, msiende nyumbani. Pigeni kwa sauti ya chini kiasi kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake kuliko anavyojisikia. Simu iwekeni kwenye kiti hatua tatu mbele yenu irekodi, msikilize mkiwa wote, na kila mtu ataje kosa lake mwenyewe.

Wiki mbili za kwanza kaeni duara. Wiki ya mwisho simameni mstari kama jukwaani, kwa sababu kwenye mstari solo haoni tena mkono wa ridhimu. Hapo mnahitaji ishara: mimi nikiinua shingo ya gitaa, zimebaki raundi mbili.

Siku tatu za mwisho pigeni orodha nzima bila kusimama, hata uzi ukikatika. Wimbo mpya usiingie, hata akiuomba mwenye harusi. Siku yenyewe fikeni mapema, toeni magitaa kwenye mifuko yazoee joto la pale kwa nusu saa, ndipo mtyuni. Kisha pigeni kile kiungio cha chemko mara moja, taratibu, myaweke chini mpaka mtakapoitwa.