Kuruka saraka hadi saraka kwa zoxide

Fungua terminali yako uandike `history | grep "cd "`, uone mara ulizotumia `cd`, amri ya kuhamia saraka (folda). Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliona saraka zilezile sita zikijirudia asubuhi hadi jioni, kila moja kwa urefu wake wote: `cd ~/kazi/tovuti/duka/src/kurasa`, kisha `cd ../../..`, kisha kurudi tena kulekule. Kitufe cha Tab kinapunguza machungu, lakini bado unaijenga njia kipande kwa kipande kwenda mahali ambapo umeshakwenda mara mia.

zoxide inakuondolea kazi hiyo. Inakumbuka kila saraka unayoingia, na ukiitajia neno moja la jina lake inakufikisha. Imeandikwa kwa lugha ya Rust na inafuata nyayo za programu mbili zilizoitangulia, z na autojump. Ninaitumia kila siku, na nataka nawe uitumie ukijua inavyofikiri, kwa sababu asiyeijua huishia kupelekwa asikotaka.

Hatua ya 1: Isakinishe

```
sudo apt install zoxide     # Debian, Ubuntu
sudo dnf install zoxide     # Fedora
sudo pacman -S zoxide       # Arch
brew install zoxide         # macOS
```

Sakinisha na `fzf`, programu ya kuchagua kitu kwenye orodha, kwa njia hiyohiyo. Tutaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Iunganishe na Bash au Zsh

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanasakinisha, wanaandika `z`, amri fupi ya zoxide ya kuhama, wanaambiwa amri haipo. Sababu ni kwamba programu unayoiita kwenye terminali haiwezi kukuhamisha saraka. Inaweza kuhama yenyewe tu, na ikimaliza unabaki palepale ulipokuwa. Kwa hiyo `z` hii ya zoxide si programu. Ni kifungu kidogo cha amri ambacho lazima kiingizwe ndani ya Bash (programu inayopokea amri zako kwenye terminali; Zsh na Fish ni nyingine za aina hiyo) kila terminali inapofunguka. Weka mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`:

```
eval "$(zoxide init bash)"
```

Kwa Zsh, faili ni `~/.zshrc` na neno la mwisho linakuwa `zsh`. Hakikisha mstari uko chini ya ule unaoita `compinit`, inayowasha ukamilishaji wa Tab. Kwa Fish, andika `zoxide init fish | source` ndani ya `~/.config/fish/config.fish`. Funga terminali, fungua nyingine.

Utakuta watu wakiongeza `--cmd cd` kwenye mstari huo ili `cd` yenyewe ifanye kazi ya `z`. Nakushauri usubiri wiki kadhaa. Ukiwa bado unajifunza, ni vizuri mkono wako ujue ni lini unataja njia kamili na ni lini unaomba ikukisie.

Hatua ya 3: Ifundishe

Mwanzoni haijui chochote. Endelea na `cd` kama kawaida, maana hata `cd` inaihesabu. Siku mbili tatu za kazi zinatosha. Kisha jaribu:

```
z duka
```

Hatua ya 4: Elewa inavyochagua

Tuseme una saraka mbili: `~/kazi/duka/picha` na `~/binafsi/picha`. Ukiandika `z picha`, zote zinafaa, na inayokwenda mbele ni yenye alama nyingi. Ukitaka kuwa na hakika, ongeza neno: `z duka picha`. Maneno lazima yafuate mpangilio wa njia yenyewe, kwa hiyo `z picha duka` haitafika. Herufi kubwa na ndogo hazijalishi.

Kanuni inayowachanganya watu kuliko zote ni hii: neno la mwisho lazima lipatikane kwenye kipande cha mwisho cha njia. `z duka` haiwezi kukupeleka `~/kazi/duka/picha`, hata kama unaingia humo mara hamsini kwa siku, kwa sababu njia hiyo inaishia na `picha`. Ukishaizoea kanuni hii, utajikuta unaita saraka kwa majina yake ya mwisho bila kufikiri.

Jambo jingine: kama hapo ulipo pana saraka yenye jina lilelile ulilotaja, `z` inaingia hiyo kwanza, kama ambavyo `cd` ingefanya.

Sasa alama. Kila unapoingia saraka, inapata 1. Wakati wa kuchagua, alama hizo zinapimwa kwa muda uliopita tangu uingie mara ya mwisho: ndani ya saa moja zinazidishwa mara 4, ndani ya siku mara 2, ndani ya wiki zinagawanywa kwa 2, na zaidi ya hapo kwa 4. Mradi uliouingia mara 40 lakini ukauacha wiki mbili zilizopita unabaki na 10. Mradi mpya uliouingia mara 6, mara ya mwisho dakika chache zilizopita, una 24. Huo mpya ndio unaoshinda. Ndiyo maana neno lilelile linaweza kukupeleka mahali tofauti mwezi ujao, na si hitilafu.

Tazama alama zako mwenyewe:

```
zoxide query -ls picha
```

Hatua ya 5: Usipokuwa na hakika, chagua kwa macho

`zi picha` inakufungulia orodha kupitia `fzf`. Unashuka kwa mishale, unabonyeza Enter. Na `z -` inakurudisha ulikotoka.

Hatua ya 6: Isafishe

Saraka za muda huchafua orodha. Juu ya mstari wa `eval`, si chini yake, weka:

```
export _ZO_EXCLUDE_DIRS="$HOME:*/node_modules/*"
export _ZO_ECHO=1
```

Mstari wa kwanza unataja saraka ambazo zoxide isizikumbuke. `$HOME`, saraka yako kuu, nimeirudia makusudi: kwa kawaida imeshaondolewa, lakini ukiweka orodha yako, ile ya awali inafutika. Saraka iliyokwisha kuingia unaitoa kwa `zoxide remove` ikifuatiwa na njia yake.

Mstari wa pili unaifanya zoxide ichapishe njia kamili kabla ya kukuhamisha, na nakuomba kwa moyo wote usiuache. Niliwahi kuandika `z muda && rm -rf *` nikidhani naenda kufuta mabaki ya majaribio. Nilikuwa na saraka mbili zenye jina hilo, na ile niliyoitembelea asubuhi ilikuwa na kazi ya siku tatu isiyo na nakala popote. Haikurudi.

Tangu siku hiyo siunganishi `z` na amri yoyote inayofuta au kuandika juu ya faili. Nahama kwanza, nasoma njia iliyochapishwa, ndipo naandika amri inayofuata kwenye mstari wake. Kwenye skripti siiweki kabisa; humo natumia njia kamili, kwa sababu skripti inapaswa kwenda mahali palepale leo na mwakani, bila kujali jana nilikuwa wapi.